Digrii ya Eksirei Unayo, Leseni Je? Swali Ambalo Wazazi Huuliza Fees Ikiwa Imeshaisha

Kama kuna kitu wanasiasa wetu wanapenda kuliko kuzindua barabara, ni kuzindua mashine ya hospitali. Utepe unakatwa, mashine inang'aa, gavana anapigwa picha akiigusa kama gari mpya, halafu mheshimiwa anashika maiki na kutangaza kwamba wagonjwa hawatasafiri tena hadi Nairobi. Siku mbili hiyo picha iko kila mahali. Jumatatu mathe wa watu anafika na karatasi ya daktari na anaambiwa arudi wiki ijayo, juu mwenye kuendesha hiyo mashine hayuko.

Leo tuongee kuhusu huyo mwenye kuendesha. Anaitwa radiografa. Swali ni rahisi: mtu hutoka aje Form Four hadi anaruhusiwa na sheria kukuelekezea mionzi mwilini? Wasee wengi watakujibu, "Enda campus, soma, graduate, basi." Hapo ndio ngori huanza. Cheti cha chuo ni kitu kimoja, leseni ya kufanya kazi ni kitu kingine, na vinatoka kwa ofisi tofauti. Ukikosa kujua hilo mapema, unaweza kumaliza miaka minne na ukae nje ya mlango wa hospitali na gauni yako ya graduation.

Radiografa ni nani hasa?

Watu huchanganya hii kitu kila siku. Radiografa ndiye anakuita kwa chumba, anakuambia utoe mkufu, anakuuliza kama uko na mimba, anakupanga vile utasimama ama utalala, anachagua nguvu ya mionzi, halafu anapiga picha. Radiolojisti ni daktari. Huyo amesoma udaktari, akafanya internship, akarudi darasani tena miaka kadhaa kujifunza kusoma hizo picha na kuandika ripoti. Mmoja anapiga, mwingine anasoma. Lakini kwa hospitali ndogo za mashinani, mara nyingi radiografa ndiye mtu wa picha pekee aliye karibu.

Kazi yake inaonekana rahisi kwa sababu inaisha haraka. "Vuta pumzi, shikilia, haya pumua." Umemaliza, enda nyumbani. Kile hauoni ni hesabu. Dozi ya mionzi kwa mwili hupimwa kwa milisiveti. Eksirei ya kifua ni kama milisiveti 0.1, kitu kidogo sana. CT skani ya tumbo inaweza kufika 8 hivi. Kwa wastani, binadamu hupata kama 2.4 kwa mwaka mzima kutoka kwa mawe, hewa, chakula na anga. Kwa hivyo CT moja ya tumbo ni mionzi ya kiasili ya zaidi ya miaka mitatu, imekuja kwa muda mfupi sana. Usiogope ukakataa skani ambayo daktari ameona unahitaji. Faida ikizidi hatari, fanya. Lakini mwenye kubonyeza anafaa kuwa anajua anachofanya, especially mgonjwa akiwa mtoto. Mwili mdogo ukipigwa kwa setting ya mtu mzima, unameza dozi ambayo hauhitaji. Marekani walianzisha hadi kampeni inaitwa Image Gently mwaka wa 2008, kazi yake kukumbusha hospitali kupunguza mionzi kwa watoto.

Na mwaka huohuo wa 2008, huko Arcata, California, kulitokea kisa ambacho kila mwanafunzi wa hii kozi anafaa kukijua. Mtoto wa miaka miwili na nusu alipelekwa hospitali baada ya kuanguka. Akawekwa kwa CT skani. Kitu ambacho huchukua dakika chache kilichukua zaidi ya saa moja. Mashine ilimpiga mara 151, karibu yote sehemu ileile ya kichwa na shingo. Mtoto alitoka na alama nyekundu kama ya kuungua usoni. Jimbo lilifanya uchunguzi na mhudumu aliyekuwa kwa mashine akanyang'anywa kibali cha kazi. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba kwa hospitali nyingine ya Los Angeles, wagonjwa zaidi ya 200 walikuwa wamepewa dozi kubwa kupita kiasi kwa miezi kama 18 bila mtu kushtuka. Mwaka wa 2010 California ikapitisha sheria kwamba dozi ya kila CT iandikwe kwa rekodi ya mgonjwa.

Hapo ndio unaona leseni ni ya nini. Chuo hakiwezi kukunyang'anya digrii juu ulifanya kazi vibaya miaka mitano baadaye. Leseni inaweza kuchukuliwa kesho asubuhi. Digrii inasema ulisoma. Leseni inasema kuna mtu anakuangalia mpaka leo, na ana nguvu ya kukuambia "weka hiyo kitu chini, toka."

Hapa Kenya leseni inatoka wapi?

Daktari wa Kenya ako na Kenya Medical Practitioners and Dentists Council. Nurse ako na Nursing Council of Kenya. Clinical officer ako na council yake. Watu wa maabara wako na bodi yao. Wote hao, ukiuliza "nani anawasajili kama watu wa kazi hii?", jibu linatoka haraka.

Radiografa historia yake imepinda kidogo. Sheria iliyomshika kwa miaka mingi ni Radiation Protection Act ya 1982, ambayo ilianzisha Radiation Protection Board. Ukiisoma unaona kilichowasumbua walioiandika: mionzi hatari. Walitaka umma na wafanyakazi walindwe kutokana na vifaa na madini yanayotoa hiyo mionzi. Mwaka wa 2019 ikaja Nuclear Regulatory Act, na ile bodi ikapisha Kenya Nuclear Regulatory Authority, KNRA. Hii ndio ofisi ambayo hospitali ikinunua mashine ya eksirei lazima ipitie, na ndio ofisi ambayo mtu anayefanya kazi na mionzi lazima ajue mlango wake uko wapi.

Enyewe hiyo ni kazi muhimu. Ukuta wa chumba una lead ya kutosha? Wafanyakazi wamevaa vibeji vya kupima mionzi? Kiwango cha kimataifa kinasema mfanyakazi asipite milisiveti 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitano, na mtu wa kawaida asipite 1 kutokana na shughuli kama hizo, ukitoa matibabu yake mwenyewe. Bila mtu wa kusimamia hizo namba, tungekuwa tunachomana tu.

Lakini angalia vile hii njia imejengwa. Leseni ilianzia kwa mashine ndio ikafika kwa mtu. Swali la kwanza la sheria lilikuwa "hii mionzi iko salama?" Swali la "huyu msee anajua kazi, ana maadili, na akikosea nani anamwita?" linataka baraza la taaluma. Maradiografa wenyewe, kupitia chama chao cha Society of Radiography in Kenya, wamepigania kwa miaka mingi kuwa na sheria yao kama wenzao. Hii si wivu wa ofisi.

Mfano ni huu hapa. Ultrasaundi haitumii mionzi ya aina hiyo kabisa, inatumia mawimbi ya sauti. MRI inatumia sumaku na mawimbi ya redio. Ukitegemea sheria ya mionzi peke yake kumchuja mtu, hizo mbili zinapita katikati ya vidole. Na ultrasaundi ndio iko kila mahali, hadi kwa kliniki za ghorofa ya pili juu ya duka la simu. Mama mjamzito anaambiwa mtoto yuko sawa na mtu ambaye hajui alifunzwa wapi. Mashine haikumchoma, ni kweli. Lakini jibu likiwa si la ukweli, anaweza kupoteza mtoto vilevile.

Mashine za Sh38 bilioni na funzo lake

Kama unadhani hii ni stori ya makaratasi, rudi 2015. Serikali ya Jubilee ilileta mpango wa Managed Equipment Services, ule wa MES. Mkataba wa miaka saba, Sh38 bilioni, hospitali 98, mbili kila kaunti na zingine za kitaifa. Ndani yake kulikuwa na vifaa vya theatre, dialysis, ICU na radiolojia. Kaunti zikaanza kukatwa kama Sh95 milioni kila mwaka, baadaye ikapanda hadi Sh200 milioni.

Mashine zilifika. Zingine zikaanza kazi na zikasaidia watu kweli, tusikatae. Lakini zingine zilikaa kwa boksi ama zikafunikwa shuka, juu hakukuwa na stima ya kutosha, ama chumba, ama mtu wa kuziendesha. Kaunti inalipa, mashine inalala. Kamati maalum ya Seneti ilichimba hiyo stori na ripoti yake ya 2020 ilikuwa moto.

Watu walibishana sana kuhusu nani alikula. Sawa, hiyo ni haki yao. Kile hakikusemwa kwa sauti ni kwamba mashine inaweza kuagizwa kwa miezi, lakini radiografa hutengenezwa kwa miaka. Hauwezi kumtoa kwa kontena Mombasa. Ukisaini mkataba leo na hujaanza kufundisha watu miaka mitatu iliyopita, umenunua fanicha ghali.

Sasa tumeingia enzi ya SHA tangu Oktoba 2024, na mpango mpya wa vifaa unaongea lugha ya "lipa kulingana na huduma". Kwa karatasi inasound poa, kwa sababu mashine isiyotumika haimletei mwenye mashine chochote. Lakini hiyo pia inaleta presha upande wa pili. Kila picha ikiwa ni pesa, kutakuwa na hamu ya kupiga picha nyingi, na haraka. Mtu pekee kwa hicho chumba mwenye uwezo wa kusema "huyu mtoto alipigwa CT wiki iliyopita, kwani hii ni ya nini?" ni radiografa. Kama leseni yake ni imara, anaweza kumkazia bosi. Kama ni kibarua tu wa kubonyeza, atabonyeza.

Njia ya kuingia

Haya, wewe uko na result slip yako na unafungua portal ya KUCCPS. Kuna milango miwili mikubwa.

Wa kwanza ni KMTC. Hapo ndio maradiografa wengi wa nchi hii wametoka, kwa diploma ya miaka mitatu. C plain ndio mstari wa chini wa diploma, na masomo kama baiolojia na fizikia huangaliwa sana. Wa pili ni chuo kikuu, mfano JKUAT yenye digrii ya radiografia. Hapo unaanza na C+ kwenda juu, na miaka minne.

Ukiingia, jiandae. Wengi huenda wakidhani ni kozi ya kamera. Utasoma anatomia mpaka ujue kila mfupa wa kifundo cha mkono kwa jina. Utasoma fizikia: kwa nini ukirudi nyuma mara mbili ya umbali, mionzi inayokufikia inapungua hadi robo. Utajifunza kumweka mgonjwa aliyevunjika nyonga bila kumuongezea maumivu. Halafu kuna atachimenti, ambapo unasimama siku nzima kwa korido ya hospitali ya rufaa, foleni haiishi, na kila mgonjwa ana stori yake. Wale hupenda watu hubaki. Wale walifuata mshahara tu hulia hapo.

Lakini chagua mlango ukiwa umeuliza swali la leseni kwanza. Kenya tushaona hii sinema. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, wanafunzi wa uhandisi kutoka vyuo kadhaa vya umma walijipata wamesoma kozi ambazo bodi ya wahandisi ilikataa kutambua. Mwaka wa 2015, Council of Legal Education iliagiza shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Moi ifungwe, na wanafunzi wakaingia baridi. Mambo ya Moi yalikuja kutulia na shule iko hadi leo, lakini fikiria usingizi wa mzazi hizo wiki. Mvutano ni uleule kila mara: chuo kinasema "sisi tumeidhinishwa na Commission for University Education", bodi ya taaluma inasema "lakini sisi ndio tunasajili". Ndovu wawili wakipigana, unajua nyasi ni nani.

Na wale wa kuenda majuu?

Najua wengi mnasoma hii mkiwa na tab ingine ya visa. Poa, tuambiane ukweli.

Uingereza, jina "radiographer" limelindwa na sheria. Kujiita hivyo bila kuwa kwa rejista ya HCPC ni kosa. Mtu aliyesomea nje huomba kusajiliwa, na wakaguzi wanalinganisha masomo yako na uzoefu wako na viwango vyao, kitu kwa kitu. Kama Kiingereza si lugha yako ya kwanza, kuna mtihani: IELTS 7.0, na hakuna sehemu inaruhusiwa kushuka chini ya 6.5. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilisaini makubaliano ya wahudumu wa afya kwenda kufanya kazi huko, lakini makubaliano ya serikali hayakujazii fomu. HCPC itataka kuona silabasi yako, masaa ya atachimenti, barua za waliokusimamia. Kama chuo chako hakiwezi kutoa hayo makaratasi yakiwa safi, umekwama.

Marekani wako na ARRT, chombo cha usajili kilichoanza 1922. Tangu 2015 lazima uwe na angalau digrii ya associate, umetoka kwa programu wanayoitambua, upite mtihani kwa alama 75 ya kipimo chao. Una nafasi tatu ndani ya miaka mitatu. Ukikosa zote, unarudi kusoma upya. Ukipita, bado kila miaka miwili unaonyesha masaa 24 ya kuendelea kujifunza. Juu ya hiyo, majimbo mengi yana leseni yao, ingawa si yote. Kwa hivyo msee akikuambia cheti cha Kenya kinakupeleka moja kwa moja hadi mashine ya Texas, huyo anauza kitu. Wakenya wengi hujipata wakirudi darasani.

Uingereza na Marekani zina njia tofauti, lakini zote zinaanza na mtu: amesoma nini, amepimwa na nani, na bado ako fiti?

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa doh

Mimi niliacha chuo katikati, kwa hivyo sina digrii ya kukuringia hapa. Lakini hesabu ya fees naijua, na najua vile shamba huuzwa ndio mtu asome. Tafadhali, kabla mbuyu hajatuma ile pesa ya kwanza, uliza haya:

Moja, hii kozi, kwa jina lake kamili vile iko kwa barua ya admission, imeidhinishwa na nani? Omba kuona karatasi.

Mbili, waliomaliza hapa mwaka jana wamepewa leseni? Usiulize chuo peke yake. Tafuta wale waliomaliza, uwaulize uso kwa uso. Kama hakuna hata kundi moja limemaliza, wewe ndio wa kujaribiwa.

Tatu, atachimenti ni wapi na ni masaa mangapi? Chuo bila hospitali yenye mashine zinazofanya kazi kinakufunza kuogelea ubaoni.

Nne, ukimaliza, gharama za leseni na kuirenew ni za nani, na ofisi ni gani? Uliza KNRA na uliza chama cha maradiografa. Simu mbili. Ukiona majibu hayafanani, usilipe bado.

Na serikali nayo ina homework. Maradiografa wakipata baraza lenye meno, mgonjwa ndiye atafaidika wa kwanza, juu atakuwa na mahali pa kupeleka malalamishi ambapo mtu anaweza kuitwa, aulizwe, na asimamishwe kazi. Kuidhinisha mashine bila kuwa na uwezo wa kumwita mwenye kuibonyeza ni kama kukagua matatu na kusahau kuuliza dereva driving licence.

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei tarehe 8 Novemba 1895, na ndio maana kila Novemba 8 maradiografa wa dunia husherehekea siku yao. Ikifika, kaunti yako itapost picha ya mashine. Wewe waulize namba tatu tu: mashine ngapi, maradiografa wangapi wenye leseni, na wangapi wako kazini usiku. Hapo ndio utajua kama mathe akipelekwa saa nane usiku atapigwa picha, ama ataambiwa arudi Jumatatu.